Uzi Mwekundu wa Meza ya Tatu

4 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kupata barua ya karatasi ukadhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Sote wazima, na wanao waambie shangazi yao bado ana meno yake yote. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu siiamini tena. Kiwandani wametulazimisha kuweka programu ya zamu, eti ijulikane nani kaingia saa ngapi. Tangu niiweke, simu inapata moto hata ikiwa imelala tu mezani. Inafanya nini muda wote huo? Nikimuuliza fundi wa kompyuta ananicheka.

Basi sikiliza. Wiki iliyopita tumeingia chumba cha ukaguzi tukakuta juu ya kila meza wamefunga kamera mbili. Hazitazami mlango, hazitutazami nyuso. Zinatazama mikono. Nikamuuliza meneja za nini, akasema za usalama. Usalama wa nani, jamani? Meza yangu unaijua tangu ulipokuwa ukimletea mama chakula: kioo, taa chini yake, jora la kitambaa linapita taratibu, na mimi napapasa nikitafuta kasoro. Nikiipata nafunga uzi mwekundu pembeni, jora linaendelea. Tangu enzi za mama mpaka leo hakuna aliyewahi kuumizwa na kitambaa. Huo usalama ni danganya toto.

Tena meneja mwenyewe amekuwa mpole ghafla. Mtu aliyekuwa hata salamu haitikii, leo ananiulizia magoti yangu. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Juzi akadondosha neno kama vile halina uzito, kwamba kufikia katikati ya mwaka huenda meza zote nne zikahitaji mkaguzi mmoja tu. Sisi tuko wanne. Miwani, mwenzangu wa meza ya nne, akanitazama, nami nikamtazama, kila mtu akarudi kwenye kitambaa chake.

Meza ya tatu ilikuwa ya mama miaka ishirini na miwili, sasa ni yangu kwa miaka kumi na tisa. Sitaiachia kamera.

Na wewe je? Wifi kaniambia umepata kazi tangu Desemba. Kazi gani? Mbona sikuisikia kutoka kwako?

Nimepitisha uzi mwekundu chini ya gundi ya bahasha hii. Ukikuta umekatika, ujue kuna mtu katutangulia kusoma.

Dada yako


15 Februari

Dada,

Uzi nimeukuta mzima, kwa hiyo majasusi wako labda wako likizo. Nimecheka hadi wifi yako akatoka jikoni kuja kuangalia kama nimepagawa.

Kazi ni kweli nimepata. Ni ya ofisini, kompyuta, na kiti kinachozunguka, usinione hivihivi. Tuko watu sitini katika ukumbi mmoja na hakuna anayeongea. Tunaangalia picha na video fupifupi, tunasema hiki ni nini na kile ni nini, basi. Za vitu tu, vitu vya kawaida. Tumetia saini kwamba hatutasema zaidi ya hapo. Unajua nilivyokaa miezi kumi na minne tangu kiwanda chetu cha uchapaji kifungwe, nikiamka asubuhi na kuvaa viatu nisijue naenda wapi. Kwa hiyo sikukuficha, dada. Nimefungwa mdomo tu.

Kamera zisikupe presha. Siku hizi ziko kila mahali, hata dukani kwa muuza sabuni.

Halafu nina swali la kijinga. Unakumbuka mama alivyokuwa akitufunga macho, tunapapasa vitambaa kwa mgongo wa vidole, atakayekosea anaosha vyombo? Kuna kitu nimekisahau kabisa. Uzi mnene na uzi uliojikunja, alikuwa anavitofautishaje? Sijui kwa nini nimekuwa nikiviwaza hivyo. Nikumbushe.

Mdogo wako


28 Februari

Mdogo wangu,

Miaka ishirini hujawahi kuniuliza habari za uzi. Mama akitufunga macho, wewe ndiye uliyekuwa ukishinda na mimi ndiye niliyekuwa nikiosha vyombo huku nalia, halafu ukatupa mgongo ukaenda kwenye wino wako. Leo unauliza kama mpelelezi. Machale yamenicheza kidogo, lakini haya, kwa kuwa ni wewe.

Uzi mnene unainuka chini ya vidole kama mshipa na hauishi upesi. Uliojikunja unakwaruza mara moja halafu kimya. Ukitaka uhakika, geuza mkono upitishe kinyume. Mnene utaukuta vilevile, uliojikunja hutausikia. Hiyo ya kugeuza mkono haimo katika daftari lolote la kiwanda. Mama alinipa mimi, nami nimempa Miwani tu.

Sasa nikupe yangu. Alhamisi nilikuwa nanawa mikono, fundi wa kompyuta yuko upande wa pili wa ukuta anaongea na mwenzake. Nimesikia kila kitu. Nikifunga uzi, kamera inachukua video, mashine inaambiwa hapa pana kasoro. Ndivyo inavyojifunza. Wanaiita akili bandia. Bandia gani, wakati akili yenyewe ni yangu? Ikishahitimu inakaa mezani kwa mama, na mimi naonyeshwa geti.

Thubutu! Tangu Jumatatu naifundisha upuuzi. Nafunga uzi mahali pasipo na kitu, na kasoro za kweli nazipita kama sijaziona. Jora likifika kwenye meza ya kukunjia, nyuma ya nguzo ambako kamera haifiki, naondoa nyuzi za uongo nafunga za kweli. Hakuna mteja atakayeletewa kitambaa kibovu, jina la mama sitalichafua. Kazi imekuwa mara mbili na magoti yanawaka, lakini hiyo mashine yao itatoka kipofu.

Tunajua watu watatu. Mimi, Miwani ambaye ananikingia nikiwa nyuma ya nguzo, na wewe. Ukimaliza kusoma, ichane.

Dada


9 Machi

Dada,

Acha. Nakuomba kwa jina la mama, acha leo, usingoje kesho.

Siwezi kukueleza. Hao watu si wajinga. Video haziendi kwenye mashine moja kwa moja, zinapitia kwa watu kwanza, wanaziangalia moja moja. Nadhani hivyo. Nimesikia watu wakisema. Fanya kazi yako kama ulivyokuwa ukiifanya. Kama atabaki mkaguzi mmoja, basi awe wewe, na hilo halitatokea ukiwaonyesha kwamba hujui kazi.

Wifi yako anakusalimu. Watoto wana mafua.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Yamenikuta.

Jana meneja kaniita, kafunga mlango, kaniwashia kompyuta. Mikono yangu hiyo, mikubwa kama ya jitu, na kovu la pasi kwenye kidole gumba linaonekana kama mto kwenye ramani. Kila nilipofunga uzi wa uongo pameandikwa: si kasoro. Kila nilipopita kasoro ya kweli pamechorwa duara, na jina lake limeandikwa, uzi mnene, uzi uliojikunja, bila kukosea hata moja. Kati ya alama zangu mia, sabini na moja zimekataliwa. Meneja akasema, ama mikono yako imezeeka ama unafanya makusudi, na kwangu yote ni mamoja. Mwisho wangu ni tarehe thelathini Aprili.

Nani kasema? Wewe uko mbali. Amebaki mmoja. Mchana tukiwa tunakula nimesimama mbele ya watu wote nikamwambia Miwani, umeniuza ili ubaki wewe. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akaendelea kula. Miaka kumi na tisa tumekaa pamoja, mdogo wangu. Alinishika mkono siku ya kumzika mama. Leo asubuhi ameomba kuhamishiwa kwenye upakiaji, akabebe maboksi na mgongo wake ule.

Lakini kuna kitu kinanikera na sikipatii jibu. Miwani anakaa amenipa mgongo. Haoni vidole vyangu vinapita wapi. Na mimi kwenye kasoro sikusimama, naapa nilipita moja kwa moja. Sasa aliyechora maduara aliona nini?

Na wewe, hayo ya kwamba video zinapitia kwa watu kwanza, ulisikia kwa nani?

Dada


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuita hivyo kwa kuwa mdogo wa dada yako ni wangu pia. Ni mimi wa meza ya nne, yule ambaye ulikuwa ukinificha miwani halafu unanisaidia kuitafuta. Anwani yako niliiona dada yako akiandika bahasha.

Sikuandikii ili unitetee. Umri wangu huu sitetewi. Nataka ujue tu kwamba sikusema. Nilisimama mbele ya ile nguzo wiki tatu nikijifanya nahesabu majora, kwa ajili yake.

Wiki hii meneja alipita huku kwenye maboksi na wageni wake, akijigamba. Anasema huko video zinakopelekwa kuna mtu mmoja anajua kitambaa kama amezaliwa chini ya meza zetu. Tena anasema tangu Machi mtu huyo amewafundisha wenzake wote kuangalia mkaguzi akigeuza mkono kinyume. Nikaweka boksi chini. Mbinu hiyo ya kugeuza mkono najua watu wawili tu duniani wanaoijua, dada yako na mimi. Labda na mtu ambaye dada yako kamwambia. Na aliyezaliwa chini ya meza zetu namjua mmoja, alikuwa akija na chakula cha mama yake saa sita na harudi nyumbani mpaka jioni.

Sisemi kitu. Mimi si mtu wa kusema, ndiyo maana imeniuma kuambiwa nimesema. Dada yako sijamwambia haya. Nimeona nikupe nafasi umwambie kwa kinywa chako.

Miwani


11 Aprili

Dada,

Kaa chini kwanza.

Ni mimi.

Video ya kwanza ilinifikia siku tatu kabla ya barua yako ya kwanza. Nilijua kwa lile kovu la pasi. Nilipaswa kunyoosha mkono niseme huyu ni dada yangu, nipeni vitu vingine, lakini sikunyoosha. Nilifurahi kukuona, hilo ndilo jibu la kweli. Nilikuwa nakuona kila siku. Nilijua siku una baridi, nilijua siku umekata kucha. Halafu wasimamizi wakaona sikosei, wakanipa kundi zima la kitambaa, watu kumi na wawili, na neno la mwisho likawa langu. Nilikuuliza habari za uzi uliojikunja kwa sababu hapo tu ndipo nilipokuwa nakosea. Ukanijibu. Nikawafundisha wote.

Ulipoanza nyuzi za uongo nilijua siku ileile, hata kabla barua yako haijafika. Unasema hukusimama kwenye kasoro. Hukusimama, lakini kidole chako cha kati kinabaki nyuma kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa. Mama naye alikuwa hivyo. Ningeweza kuukubali uongo wako na hakuna ambaye angejua. Badala yake nikasahihisha. Nilidhani nikisahihisha, alama zako mbaya zinafutika kimyakimya na mashine inachukua zangu, mambo yanaisha. Haki ya Mungu sikujua kwamba kila nilichokikataa kinaandikwa na kurudishwa kiwandani na namba ya meza. Nilidhani nakufunika.

Hayo ndiyo maelezo niliyoyapanga ili nionekane mtu. Kuna mengine. Miezi kumi na minne hakuna aliyeniuliza kitu chochote ninachokijua. Ghafla watu sitini wananigeukia, wananiita fundi. Niliupenda ule uso wao, dada. Ulipoandika kwamba umemtukana Miwani, nilijua siku hiyohiyo kwamba ni mimi, na nikakaa kimya.

Yeye ameniandikia. Hakusema lolote kwa mtu yeyote.

Nipige, nitukane, lakini nijibu.

Mdogo wako


30 Aprili

Bwana Mkaguzi,

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha.

Nimekwenda kwa Miwani mara tatu. Mara mbili nimeambiwa hayupo na kandambili zake ziko mlangoni. Mara ya tatu akafungua, akasimama hapo hapo mlangoni. Nikamwambia nimekukosea. Akasema, najua. Kisha akafunga. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini barua yangu ya tarehe ishirini na nne ulikuwa nayo wewe, ukaiacha siku zote hizo mama wa watu akibeba maboksi kwa dhambi yako. Mashine sikuilaumu kwa hilo. Mashine haikukalia barua.

Nimekumbuka jinsi nilivyokuwa nikibandika uzi kwenye bahasha, naogopa wenye posta. Nacheka peke yangu kama chizi.

Leo ilikuwa siku yangu ya mwisho. Jora la mwisho nimelifanya kwa haki, kasoro zote, hata moja sikuiruka. Meneja kasimama nyuma yangu, akasema unaona, mikono yako haikuzeeka. Sikugeuka. Karibu na mwisho, mahali kitambaa ni safi kabisa, nimefunga uzi mwekundu mmoja. Hapana kitu pale. Nimeufunga kwa fundo la mama, lile la vitanzi viwili na mkia kuingia ndani, na sikwenda kuufungua nyuma ya nguzo.

Utakufikia. Huko kwenu wewe ndiye mwenye neno la mwisho, umekuwa ukiamua nani kakosea mezani kwangu. Amua na huo.

Mkaguzi wa zamani, meza ya tatu


6 Mei

Dada,

Uzi wako umefika leo saa nne asubuhi. Fundo nililijua kabla mkono wako haujatoka kwenye picha.

Nilibonyeza: kasoro. Ni uongo wangu wa kwanza katika kazi hii, na nilibonyeza bila kufikiri mara mbili. Nikaona skrini inageuka njano. Pakaandikwa kwamba jibu langu limetofautiana na la mfumo, na jibu la mfumo ndilo lililokubaliwa.

Nikabonyeza tena, ikawa vilevile. Nikaenda kwa msimamizi. Akaniambia, oh, hukupata ujumbe? Kwenye kitambaa, kuanzia tarehe mosi, mashine ndiyo yenye neno la mwisho. Nyinyi mnabaki mpaka Ijumaa, kuangalia tu kama inakwenda sawa. Kundi zima la kitambaa, watu kumi na wawili na mimi. Akatupongeza. Kasema hawajawahi kuwa na kundi lililomaliza kufundisha upesi kama letu.

Mashine ilisema si kasoro, dada. Na ni kweli si kasoro. Mimi ndiye niliyeifundisha, inajua nilichokuwa nakijua, ila haimjui aliyefunga fundo lile. Nimerudi kwenye kile kiti kinachozunguka nikalia mbele za watu sitini, na hakuna aliyegeuka.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Usiponifungulia nitakaa ngazini. Bahasha hii nami nimeipitishia uzi mwekundu.

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Uzi wa bahasha yako nimeukuta umekatika. Huenda ni posta, huenda ni wewe hujui kuubandika. Nimeangalia sana lakini sijaweza kujua.

Njoo. Ngazini usikae, majirani wataanza maneno. Ila hutaanzia kwangu. Miwani anakaa nyuma ya kiwanda, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani. Jumamosi wanatoka saa saba, mpe muda anawe na ainyooshe miguu. Utagonga, na utamwambia kwa mdomo, si kwa karatasi, karatasi tumeandikiana za kutosha. Mwambie yote, na lile la kukalia barua usiliruke. Akikubali, mje wote wawili.

Nitapika cha kutosha watu watatu. Ukija peke yako, nitajua ama hukugonga, ama kuna mahali uliruka.

Dada yako